Rekodi ya metali katika matumbawe
Rekodi ya metali katika matumbawe ni kumbukumbu ya kikemia iliyohifadhiwa ndani ya kiunzi cha matumbawe magumu, inayotumiwa kufuatilia uchafuzi wa bahari uliosababishwa na binadamu. Tumbawe hujenga kiunzi cha kalsiamu kabonati kwa matabaka ya kila mwaka yanayoonekana kwa eksirei. Metali ya risasi iliyomo majini huchukua nafasi ya sehemu ndogo ya kalsiamu hiyo. Mfano ulio wazi wa rekodi hiyo ni Bermuda, ambako risasi iliongezeka tangu karne ya 19 kutokana na viwanda vya Marekani, ikafikia kilele miaka ya 1970 kwa sababu ya petroli yenye risasi, kisha ikapungua petroli hiyo ilipodhibitiwa. Uwiano wa isotopi za risasi husaidia kutambua vyanzo vyake. Sampuli husafishwa kwa makini mno kabla ya kupimwa.