Chembe cha Moyo

Mahali pale unapokomea mfupa wa kifua na tumbo kuanzia, wazee wetu walipaita chembe cha moyo. Hawakusema chembe cha tumbo. Nililitamka neno hili tangu utoto bila kulisikiliza, mpaka asubuhi moja ya Septemba 1994, makamu wangu alipokuja kuketi ukingoni mwa kiti ofisini kwangu, ngumi ameibana papo hapo, kijasho chembamba kikimtoka ilhali nje kulikuwa na baridi ya milimani. "Mkuu," aliniambia, "kiungulia hiki cha maharage ya jana. Kitapita."

Nilimwamini. Tena nilimtuma mhudumu wa ofisi amletee maji ya moto yenye tangawizi. Aliyanywa, akasema amepata nafuu, akaenda kufundisha hisabati. Saa tano na nusu vijana wa kidato cha tatu walikuja mbio kuniita.

Mimi ni mwalimu wa historia tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1973, na watu wa somo hili tuna ugonjwa wetu: jambo likitupata, hukimbilia kuuliza lilianza lini. Katika miaka iliyofuata nilisoma kila nilichokipata juu ya mshtuko wa moyo. Nikisema kweli, nilikuwa natafuta ushahidi kwamba mtu asiye daktari, kama mimi, asingeweza kujua. Ushahidi huo sikuupata.

Tarehe 21 Julai 1768, tabibu mmoja aitwaye William Heberden aliwasomea madaktari wenzake mjini London maelezo ya maradhi ya kifua ambayo hayakuwa na jina. Mtu anatembea, alisema, hasa akipanda kilima, na hasa akiwa ametoka kula. Mara kifua kinambana kwa namna ya kumtisha kwamba uhai unamtoka. Akisimama tu, maumivu yanakwisha. Mara nyingine hutambaa hadi mkono wa kushoto. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1772, na mpaka leo daktari anayemhoji mgonjwa anauliza karibu yale yale. Heberden hakuwa na kipimo chochote, wala hakujua kwamba chanzo ni mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Aliwasikiliza wagonjwa, basi.

Lakini hesabu yake iliacha pengo. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1802, baada ya kifo chake, anasema aliona wagonjwa karibu 100, na wanawake kati yao ni watatu tu. Watu wakazoea kuyaona haya kuwa maradhi ya wanaume. Leo tunajua kwamba wanawake nao hubanwa kifua, ila zaidi ya wanaume huweza kuletewa dalili nyingine: pumzi kukatika, kichefuchefu, uchovu usio na sababu, maumivu ya mgongo au ya taya. Mama wa namna hiyo nyumbani kwetu huambiwa akapumzike, kisha anaulizwa chakula kimeiva?

Narudi kwenye kilima cha Heberden. Shule yetu ilikuwa juu, nyumba za walimu bondeni. Kwa miezi minne au mitano kabla ya siku ile, makamu wangu alikuwa na mtindo wa kusimama katikati ya mteremko, penye mkaratusi, akageuka nyuma. "Tazama, Mkuu, mashamba ya watu yalivyostawi." Nami nilisimama naye, nikatazama mahindi. Baada ya dakika mbili tuliendelea. Mara moja nilimwona akijisugua kifua, na moyoni nilijiambia huyu aende hospitali ya wilaya. Sikumwambia. Alikuwa na miaka 51, mtu mwenye kujivunia nguvu zake, mvuta sigara aliyekuwa bado anafundisha timu ya mpira, nami niliona ni kama kumvunjia heshima.

Basi fikiria nilivyojisikia nilipofika kwa Edward Jenner. Huyu nilimfundisha kila mwaka, kwa kuwa ndiye mwenye chanjo ya ndui ya mwaka 1796. Ambacho sikukifundisha, kwa kutokukijua, ni kwamba siku moja Jenner alikuwa anapasua moyo wa marehemu aliyekufa kwa maradhi ya Heberden, kisu chake kikakwaruza kitu kigumu kama mchanga. Akatazama juu, akidhani plasta ya dari kuukuu imedondoka. Kumbe ni mishipa ya moyo iliyogeuka kuwa migumu kama mfupa. Pale alielewa. Halafu mwaka 1777, katika mji wa Bath, alimwona mwalimu wake mpenzi, mpasuaji mashuhuri John Hunter, akiwa na dalili zile zile.

Jenner alinyamaza. Katika barua aliyomwandikia Heberden alieleza hofu yake kwamba Hunter akiujua ukweli atapoteza tumaini la kupona. Rafiki yake Caleb Parry, aliyekuwa na fikra kama hiyo, hakuchapisha kitabu chake mpaka mwaka 1799. Hunter mwenyewe alitambua kwamba hasira ndiyo inayomwamsha adui wake, na alikuwa akisema uhai wake umo mikononi mwa mhuni yeyote atakayetaka kumchokoza. Ndivyo ilivyokuwa: tarehe 16 Oktoba 1793 alipingwa katika kikao cha hospitali ya St George's, akatoka chumbani, akafa. Shemeji yake alipompasua, alikuta mishipa ya moyo imekuwa kama Jenner alivyodhani.

Jenner namsamehe. Zama zake dawa ya maana haikuwapo, na kunyamaza kulikuwa aina ya huruma. Mimi nilinyamaza mwaka 1994, miaka sita baada ya uchunguzi mkubwa wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000, kuonyesha kwamba aspirini, kidonge kile cha bei ya chini kuliko soda, ikianzwa mapema na kuendelezwa kwa mwezi mmoja hupunguza vifo kwa kiasi cha moja ya tano. Siyo kidonge cha kujipatia ovyo, maana wapo wanaodhurika nacho; lakini kilikuwapo.

Kuhusu kiungulia, angalau nilipata wenzangu. Mwaka 1912 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za bwana mmoja wa miaka 55 aliyeshikwa na maumivu makali sehemu ya chini ya kifua, saa moja baada ya kula. Akadhani chakula kimemkataa, akajitia kidole kooni atapike. Alikufa saa 52 baadaye, na mshipa wa moyo ukakutwa umezibwa na damu iliyoganda. Tena Septemba 1955, Rais Eisenhower wa Marekani alikula mkate wa nyama na vitunguu, akacheza gofu, akalalamika tumbo. Usiku maumivu yakamwamsha. Daktari wake alikuwa naye kitandani, na bado asubuhi ile wananchi walitangaziwa kwamba Rais ana shida ya tumbo. Alifikishwa hospitali mchana wa tarehe 24. Yeye alipona, na mwaka uliofuata akachaguliwa tena.

Huku kwetu tulikuwa na kisingizio kingine. Mwaka 1959 watafiti Shaper na Jones walichapisha uchunguzi wao wa Uganda: maradhi haya karibu hayakuonekana kabisa kwa Waafrika, lakini Waasia wa nchi hiyo hiyo yaliwapata. Kwa mwenye kufikiri, hiyo ilikuwa habari ya chakula na maisha, wala si ya rangi ya mtu. Sisi tulisikia kwamba ni ugonjwa wa wakubwa. Chuoni, somo la afya lilitufundisha malaria, kichocho na safura. Moyo ulibaki kwa washairi.

Msibani mjane aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, hukuona hata dalili moja?" Nikajibu, "Hapana, shemeji."

Mwaka 2021, nikiwa na miaka 71, nilikuwa natoka mtoni na mke wangu. Nikasimama. Haikuwa maumivu hasa; ilikuwa kama mtu ameweka gunia la mahindi juu ya kifua, na taya la chini limekufa ganzi. Nikageuka nyuma. Mke wangu akanitazama usoni. "Baba Neema," alisema, "unatazama mashamba?" Hakusubiri jibu. Safari iliishia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako niliwekewa kijibomba cha waya cha kuzibua mshipa. Daktari, kijana wa umri wa wajukuu zangu, alinifokea kwa adabu: kifua kikibana zaidi ya dakika chache, na hasa likiwapo jasho, kukosa pumzi au maumivu ya mkono na taya, usingoje kikao cha ukoo, nenda hospitali.

Nilipopata nguvu nilikwenda kwa yule mjane. Sasa ni bibi, macho yamepungua nuru. Nilimweleza yote: kilima, mkaratusi, mashamba, tangawizi. Alikaa kimya muda mrefu, mikono mapajani.

"Kumbe na wewe alikusimamisha pale," alisema. "Mimi aliniambia anangoja mbuzi wapite."