Baraza, Redio na Rununu: Safari ya Mazungumzo Kutoka Mlangoni Mpaka Mfukoni

 

Kabla hatujaingia kwenye historia nina swali dogo. Ukisikia neno "baraza", linakujia nini kichwani? Wengi wetu tuliosoma shule za Kenya tutasema baraza la mawaziri, ama baraza la chifu, watu wamekaa chini ya mti wakingojea hotuba. Sasa nenda Lamu, ama pita Mji wa Kale hapa Mombasa, utazame milango ya nyumba za zamani. Pande mbili za mlango kuna viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta, havihamishiki. Hiyo ndiyo baraza yenyewe. Lilikuwa ni jina la mahali pa kukalia, kisha likawa jina la watu wanaokaa hapo, na mwishowe serikali ikalichukua ikaliita baraza hata lile ambalo mmoja anazungumza na wengine wote wamenyamaza.

Fikiria hilo kidogo. Mtu anajenga nyumba kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vya gharama, halafu sehemu ya pesa zake anaitumia kujenga kiti ambacho hatakikalia peke yake. Anamjengea jirani na mpita njia. Kule Lamu nyumba kubwa zina daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza kila upande, mgeni akaribishwe pale bila kuingia ndani kwa watu. Hata magofu ya Gede, mji ulioachwa kabisa katika karne ya 17, jumba lake la kifalme lina ua wa kukutania watu. UNESCO ilipoiweka Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wageni wengi walivutiwa na milango ya nakshi. Mimi naona baraza ndiyo iliyostahiki kutazamwa kwanza.

Na tabia hii ya uso kwa uso ina umri mrefu pwani yetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi iliyomshangaza. Jahazi likitia nanga, vijana walitoka kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara yule alikaa nyumbani kwa mwenyeji wake, na biashara yote ilipitia kwake. Baadaye msafiri huyu alilala usiku mmoja Mombasa, akaendelea mpaka Kilwa. Mtu alijulikana kwa kuonekana uso wake na kwa kula naye.

Barazani palifanyika nini? Kila kitu! Bei ya samaki, jahazi gani limechelewa, nani anaposa wapi, nani amegombana na nani na nani atapelekwa kuwapatanisha. Bao likichezwa pembeni. Muuza kahawa akipita na dele lake, akigonganisha vikombe ili asikiwe. Na palikuwa na elimu pia. Mtafiti wa Kijerumani, Kai Kresse, aliishi Mji wa Kale akisikiliza watu wakijadiliana, na mwaka 2007 akatoa kitabu kizima kuhusu fikra za wanazuoni na washairi wa Mombasa. Anasema waziwazi kwamba baraza ni mahali pa hoja na falsafa. Wazee waliokuwa wakiitwa "wakaa barazani" kwa dharau wamekuwa somo la vyuo vikuu Ulaya.

Nisije nikakudanganya lakini kwamba kila kikao kilikuwa darasa. Kusengenya kulikuwepo, tena sana. Watawala nao mara nyingi waliogopa watu wanaokaa pamoja na kuzungumza. Mwaka 1511 huko Makka afisa mmoja wa Mamluki, Kha'ir Beg, alipiga marufuku kahawa, na lililomsumbua lilikuwa zaidi ni zile halaiki za watu wakinywa usiku na kupiga soga. Haukupita muda mrefu Cairo ikalegeza amri ile. Kahawa ikaendelea, na soga nayo ikaendelea.

Na mama zetu je? Baraza ya nje ilikuwa ya wanaume, hilo hatuwezi kulificha. Lakini Lamu utaona wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya uchochoro kuunganisha nyumba mbili za ghorofa. Mwanamke aliweza kumfikia shoga yake au dada yake wa pili bila kukanyaga barabarani. Ukitazama vizuri, mji mzima ulijengwa ili watu wafikiane.

Sisi tuliopita madrasa tunaijua hoja hii kwa njia nyengine. Jabir bin Abdillah (r.a.), sahaba wa Mtume (s.a.w.), alisikia kuna hadithi moja iko kwa Abdullah bin Unays huko Sham. Akanunua ngamia, akasafiri mwezi mzima, akagonga mlango, akaisikia kwa mdomo wa mwenyewe. Hadithi moja tu! Karne zilizofuata karatasi zilijaa na vitabu vikaandikwa kwa wingi, bado mwanafunzi aliulizwa: umesoma kwa nani? Kitabu kilikuwepo na mwalimu alitafutwa vilevile.

Sasa tuje kwenye mitambo, maana hapa ndipo watu wengi huikosea historia hii. Utasikia khatibu akisema teknolojia imeua mazungumzo, kana kwamba ilianza jana. Sivyo. Mitambo iliingia mmojammoja, na kwa muda mrefu baraza iliimeza yote.

Redio ndiyo mfano mkubwa. Sauti ya Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, na idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza Juni 1957. Babu yangu, aliyezaliwa mwanzo wa miaka ya hamsini, ananiambia redio mtaani kwao ilikuwa moja, na mwenye nayo aliiweka dirishani ikielekea nje. Taarifa ikiisha ndio mjadala unaanza! Huyu anasema Cairo wamesema kweli, yule anasema Waingereza ndio wakweli, na mpaka adhana ya isha hawajaafikiana. Televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962 mambo yalikuwa yaleyale: seti moja, watoto wa mtaa mzima wamejazana sebuleni kwa watu, na mama mwenye nyumba analalamika kuhusu miguu yao.

Kaseti nazo zilifuata mkondo huo. Kule Lamu, katika uchaguzi wa miaka ya 1974 na 1975, washairi walijibizana kwa tungo kali za siasa zilizojulikana kama Kimondo. Tungo zile zilirikodiwa na kusambazwa kwa kaseti. Lakini shairi la fumbo halisikilizwi na mtu peke yake, maana ukisikia tusi lililofichwa unamtaka mwenzako akufumbulie. Kaseti ililiita baraza likutane.

Kwa hivyo mpaka hapo mashine ilikuwa ni kitu cha katikati, watu wameizunguka. Ni lini ikageuka? Mimi naweka kidole changu mwaka 1979, Japan, ilipotoka Walkman ya kampuni ya Sony. Hiki kilikuwa kijikaseti cha kutembea nacho, sauti inaingia masikioni mwako tu. Na hapa pana jambo ambalo niliposoma nilicheka. Ile Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya kuchomeka spika za masikioni, na kitufe cha kupunguza muziki ili wawili wasikizane wakizungumza. Akio Morita, mkuu wa Sony, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake! Watu waliinunua na hawakulitumia lile tundu la pili, na matoleo ya baadaye likaondolewa. Aliyeitengeneza aliiona hatari mapema kuliko walionunua.

Simu ya mkononi ilikuwa tayari imezaliwa. Martin Cooper alipiga simu ya kwanza ya aina hiyo New York mwezi Aprili 1973. Kwetu Kenya ilienea kuanzia mwaka 2000, na mwanzoni ilikuwa ghali mno, mtu anaflash kisha anangoja apigiwe. Kuzungumza kulikuwa anasa. Machi 2007 ikaja M-Pesa, pesa za karo na za shamba zikapita hewani, na safari nyingi za kupeleka pesa kwa mkono, ambazo zilikuwa pia safari za kujuliana hali, zikafa kimyakimya. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipandia ufuoni hapahapa Mombasa. Agosti 2010 kampuni ya Zain, ambayo leo ni Airtel, ikashusha bei ya kupiga mpaka shilingi 3 kwa dakika, na wengine wakalazimika kushusha.

Utastaajabu: kuzungumza kulipokuwa ghali tulikutamani, kulipokuwa rahisi tukakuacha. Leo mtu akipigiwa simu bila kutumiwa ujumbe kwanza anashtuka, "kuna msiba?" Hosteli ninayokaa chuoni tuko wanne chumba kimoja. Juzi mwenzangu wa kitanda cha juu aliniuliza kwa WhatsApp kama sukari ipo. Nikamjibu kwa WhatsApp. Sukari ilikuwa mezani, baina yetu.

Lakini tuwe waadilifu, rununu si mkosaji peke yake. Nyumba zimebadilika. Ghorofa za kupanga zinazojengwa Mombasa na Eastleigh hazina baraza hata moja. Zina geti la chuma, mlinzi, na ngazi nyembamba ambayo mkipishana mnapeana bega. Aliyechora ramani hakukata mazungumzo kwa chuki, amehesabu tu vyumba na kodi. Ongeza na hofu za usalama, vijana wakikaa watano kwenye maskani wanatazamwa vibaya. Basi mtoto akiambiwa "toka kwenye simu", ana haki ya kuuliza: niende wapi?

Na kuna waliopata kwa simu kile ambacho baraza haikuwapa. Dada yetu anayefanya kazi Saudia anamuona mwanawe akisoma juzuu yake kila Ijumaa kwa video. Nyanya asiyeweza kushuka ngazi anazungumza na ndugu zake walioko Muscat, ambao zamani angengoja barua ya jahazi. Mwaka 2020 sote tuliiona neema hiyo. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, misikiti ikafungwa, Ramadhan ikaingia bila tarawehe za jamaa, na tarehe 6 Mei Mji wa Kale na Eastleigh ikawekewa vizuizi, hakuna kuingia wala kutoka. Darsa zikaja kwa simu. Nilikuwa kidato cha pili, na nakumbuka babu akiishika simu mbali na macho akimsikiliza sheikh ambaye nyumba yake iko mita mia mbili kutoka kwetu.

Misikiti ilifunguliwa, Alhamdulillah. Baraza je? Kati ya tatu ninazozijua mtaani kwetu, mbili zilirudi. Ya tatu wazee wawili walikuwa wametangulia mbele ya haki, wa tatu alihamia kwa mtoto wake Kisauni, na pale sasa panaegeshwa pikipiki. Waliokuwa wakijua nasaba za nusu ya mtaa na majina ya pepo zote za baharini walikuwa ni hao watatu. Hakuna aliyewaandika wala kuwarikodi, na sote tulikuwa na simu za kurikodi mfukoni.

Usidhani haya ni ya kwetu pekee. Uingereza iliteua waziri wa mambo ya upweke mwaka 2018, Japan ikafuata 2021. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2025 likisema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Tumezoea kusema upweke ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna jamaa. Ripoti ileile inasema katika nchi za kipato cha chini walioonekana wapweke ni kama asilimia 24, na katika nchi tajiri ni kama 11. Wallahi takwimu hiyo niliisoma mara mbili.

Ramadhan hii bado utamsikia mpiga daku kwenye baadhi ya mitaa ya Mji wa Kale, ingawa kengele ya simu imeshakuamsha kabla yake. Muuza kahawa naye yupo. Baada ya tarawehe anapita na dele na ndoo ya kuoshea vikombe, na namba yake ya M-Pesa ameiandika kwa rangi nyekundu kwenye ndoo. Ukimlipa kwa simu, yeye haondoki mpaka ujumbe umeingia. Mtandao ukiwa mzito, anakaa barazani kungojea, na wazee wanamuuliza habari za mitaa alikotoka.