Lugha Iliyokataliwa na Waumini Wanaoihitaji: Kiswahili katika Kanisa la Kianglikana la Ankole na Makazi ya Nakivale

Utangulizi

Barabara kuu itokayo Masaka kuelekea Mbarara hupita Biharwe, mahali ambapo masimulizi ya Ankole yanaeleza kuwa jeshi la Omukama Olimi wa Bunyoro liliacha ng'ombe lililowateka na kukimbia baada ya jua kuingia giza mchana. Wanahistoria wengi hulihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, na mnara wa kumbukumbu umejengwa hapo. Masimulizi haya hunukuliwa zaidi kwa ajili ya tarehe yake, kwa kuwa ni nadra historia simulizi ya Maziwa Makuu kupata mwaka wa kushikilia. Hata hivyo, yanathibitisha pia jambo ambalo watunga sera husahau kwa wepesi: nchi ya Ankole ilikuwa njia ya watu na mifugo karne nyingi kabla ya neno "mkimbizi" kupata maana yake ya kisheria. Kusini-mashariki mwa Mbarara, katika wilaya ya Isingiro na karibu na mpaka wa Tanzania, yapo makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika.

Makala haya yanafuatilia nafasi ya Kiswahili katika Kanisa la Uganda, yaani Kanisa la Kianglikana, kwa kutazama hasa upande wa Ankole. Hoja yake ni kwamba kanisa hilo liliingia nchini kwa msaada wa Kiswahili, likakikataa kwa makusudi, na sasa linakutana nacho tena katika vinywa vya waumini ambao hawana lugha nyingine ya pamoja ya kusalia.

Kiswahili kilitangulia

Henry Morton Stanley alipofika katika ikulu ya Kabaka Mutesa mwaka 1875, alikuwa na kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, aliyepata elimu yake katika shule ya misheni ya vyuo vikuu huko Zanzibar. Stanley alipoondoka, Maftaa alibaki. Alimsomea Kabaka Maandiko, akamwandikia barua, na kwa muda wa takriban miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa Ukristo wote wa Kiprotestanti uliokuwapo Buganda. Lugha ya kazi yake ilikuwa Kiswahili. Wamisionari wa kwanza wa Church Missionary Society walipowasili tarehe 30 Juni 1877, walikuta mlango umekwisha kufunguliwa na mwanafunzi wa Zanzibar. Alexander Mackay, aliyefika mwaka uliofuata, alifundishia tafsiri za Kiswahili zilizotokana na kazi ya Askofu Edward Steere, na wasomaji wa mwanzo wa Buganda walijifunza Injili kwa lugha hiyo kabla ya kuipata kwa Kiganda.

Mackay aliamini kuwa siku moja Kiswahili kingekuwa lugha ya Afrika ya Kati yote. Askofu Alfred Tucker, katika kitabu chake cha mwaka 1908, aliikumbuka ndoto hiyo na kuikataa kwa maneno makali. Kwake Kiswahili kilimaanisha Uislamu, ilhali Kiingereza kilimaanisha Biblia na Uprotestanti. Ni hukumu ya ajabu, ukizingatia kuwa Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa imechapwa tangu mwaka 1891, miaka mitano kabla ya Biblia nzima ya Kiganda iliyokamilishwa na George Pilkington na wenzake. Hofu ya Tucker haikuwa na msingi wa kilugha; ilikuwa ya kisiasa, na ilizaliwa katika vita vya dini vya Buganda vya miaka ya 1880 na 1890.

Ankole iliipokea dini kupitia hukumu hiyo. Walimu wa Kiprotestanti kutoka Buganda walifika Nkore mwishoni mwa mwaka 1899, na Omugabe Kahaya akabatizwa mwaka 1902 pamoja na waziri wake mkuu, Nuwa Mbaguta. Kwa miongo kadhaa lugha ya kitabu kanisani ilikuwa Kiganda, lugha ya walimu, kisha Kinyoro kikasaidia. Biblia nzima ya Kinyankole-Kikiga haikupatikana hadi mwaka 1964. Mkristo wa Ankole wa kizazi cha kwanza, kwa hiyo, alijua vizuri maana ya kumwomba Mungu kwa lugha ya jirani. Kumbukumbu hii ingeweza kulifanya kanisa liwe na huruma kwa wageni wa baadaye. Kwa sehemu kubwa ilifanya kinyume: ilifanya ushindi wa lugha ya nyumbani uwe kitu cha kulindwa.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka 1929, na viongozi wa misheni, Waanglikana kwa Wakatoliki, walikuwa upande wake. Ni mojawapo ya mara chache ambapo pande hizo zilikubaliana jambo.

Lugha ya kambini

Baada ya hapo Kiswahili kiliendelea kuishi Uganda mahali ambapo kanisa halikuwa na sauti kubwa: jeshini, katika polisi, sokoni na kwenye magari ya mizigo. Mbarara ilikuwa na kambi ya Simba, na wakazi wake walikisikia Kiswahili kwa askari. Septemba 1972 mji huo ulishambuliwa na wapinzani wa Idi Amin waliotoka Tanzania, na kisasi kilichofuata dhidi ya raia kilikuwa kikali. Mwaka uliofuata Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mikononi mwa utawala huohuo. Mtu aliyekuwa mshiriki wa kanisa Ankole katika miaka hiyo hakuhitaji kusoma kitabu cha Tucker ili akichukie Kiswahili. Kilikuwa lugha ya amri kwenye kizuizi cha barabarani. Askari wa Tanzania walioingia Mbarara mapema mwaka 1979 walikizungumza pia, lakini ukombozi ule haukutosha kukisafisha.

Tathmini nyingi za sera ya lugha Uganda hulitaja jambo hili kama "mtazamo hasi" na kupita. Ni kumbukumbu ya msiba, na haiondolewi kwa mtaala.

Uhamisho na undugu wa Uamsho

Kanisa la Ankole lilikuwa pia na urithi mwingine. Uamsho wa Afrika Mashariki uliochipuka miaka ya 1930 kati ya Gahini, Rwanda, na Uganda, kwa mchango wa watu kama Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, ulienea Ankole na Kigezi na kuwafunga waumini wa makabila na nchi mbalimbali katika undugu wa kuungama na kukaribishana nyumbani. Erica Sabiti, mwana wa Ankole aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa jimbo hilo mwaka 1966, alitokana na harakati hizo. Kosiya Shalita, askofu wa Ankole-Kigezi tangu miaka ya mwanzo ya 1960, alikuwa na asili ya Rwanda na alikulia Ankole. Wakimbizi wa Kitutsi walipoingia kwa maelfu baada ya machafuko ya mwaka 1959 na kupelekwa Nakivale na Oruchinga, walimkuta kiongozi wa kanisa ambaye uhamisho haukuwa habari ya kusimuliwa kwake.

Katika awamu hiyo suala la lugha halikuibuka sana. Kinyarwanda na Kinyankole vina ukaribu, na mgeni aliweza kufuata mahubiri baada ya muda mfupi. Ukaribu huo, hata hivyo, haukuwa kinga. Oktoba 1982 makumi ya maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa katika mashamba yao ya Ankole. Wengi walisukumwa kurudi makazini, wengine wakavuka mpaka. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa mara nyingi watu wa dini moja na karibu wa lugha moja. Mwanahistoria wa lugha anapaswa kulitaja jambo hili kabla ya kudai kwamba lugha ya pamoja huleta amani.

Nakivale ya lugha nyingi

Baada ya mwaka 1994 wakimbizi wengi wa zamani walirudi Rwanda. Vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1998, pamoja na mapigano ambayo hayajakoma Kivu na Ituri, vilileta watu wa aina nyingine. Kisha Warundi wakaongezeka baada ya mgogoro wa mwaka 2015. Wapo pia Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Wakongo ndio wengi zaidi, na miongoni mwao wapo wasemaji wa Kinyabwisha, Kishi, Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge na lugha nyingine nyingi. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wao kwa wao, na mara nyingi ndicho kinachowakutanisha na Mrundi na hata na Msomali dukani.

Mwanglikana wa Kongo anayefika Nakivale huja na historia yake ya kanisa. Apolo Kivebulaya, Mganda, aliupeleka Uanglikana Boga mwaka 1896, na kwa miongo mingi kanisa la Boga lilisali kwa Kinyoro. Lilipoanza kuvuka mipaka ya Boga kuelekea Bukavu, Kisangani na Katanga, Kinyoro hakikutosha, na Kiswahili kikachukua nafasi ya lugha ya ibada, si bila manung'uniko ya wazee. Kwa maneno mengine, binti alikwisha kufanya uamuzi ambao mama yake, Kanisa la Uganda, aliukwepa. Mkongo huyo anapoingia kanisa la Kinyankole anakuta mpangilio wa ibada anaoufahamu, mavazi anayoyafahamu, hata toni za nyimbo anazozifahamu, lakini hana maneno.

Njia ya kawaida ya kutatua hali kama hiyo ni mkalimani asimamaye kando ya mhubiri, au ibada mbili kwa lugha mbili. Ukalimani una gharama isiyoandikwa popote. Huongeza muda wa mahubiri karibu maradufu, na huifanya sala iliyokusudiwa kusemwa na kusanyiko zima iwe taarifa inayopokelewa kwa mkono wa pili. Kuungama dhambi kwa kupitia mkalimani ni jambo ambalo liturujia ya Kianglikana haikulitarajia. Ibada mbili nazo hulinda maana ya maneno, ila hugawa meza. Wenyeji wa vijiji jirani hubaki na ibada yao, wageni na yao, na halmashauri ya kanisa huhitaji lugha ya tatu ili wakae pamoja.

Hata ndani ya ibada ya Kiswahili lipo tatizo. Biblia inayosomwa zaidi katika Afrika Mashariki, ile ya Muungano ya mwaka 1952, imeandikwa kwa Kiswahili cha pwani kilichosanifishwa. Msikilizaji kutoka Kivu husema "mutoto" na "batu", huiita serikali "Leta", na hupanga upatanisho wa ngeli kwa utaratibu wake. Huyaelewa Maandiko kwa sababu ameyasikia tangu utotoni, lakini anapoulizwa aandike kumbukumbu za kikao au asome somo mbele ya watu, huambiwa kuwa Kiswahili chake kimevunjika. Kauli hiyo si sahihi kiisimu. Kingwana na lahaja nyingine za Kongo zina sarufi yake, na zimekuwa na maandiko ya kidini kwa muda mrefu. Kinachovunjika ni hadhi ya msemaji.

Cheo, posho na tumaini

Parokia ni miongoni mwa mahali pachache katika makazi ambapo mkimbizi anaweza kuwa mwenye wajibu badala ya mwenye kuhudumiwa. Anaweza kuwa mzee wa kanisa, mweka hazina wa sadaka, kiongozi wa kwaya, mama wa Umoja wa Akina Mama anayepanga zamu za kutembelea wagonjwa. Nje ya hapo yeye ni namba ya kaya kwenye kadi. Tangu Julai 2023, Mpango wa Chakula Duniani ulipoanza kugawa msaada kwa makundi ya uhitaji na kuwaondoa kabisa wale waliohesabiwa kujiweza zaidi, uzito wa michango midogo ya kanisa umeongezeka: jeneza, unga wa msibani, nauli ya kwenda hospitali Mbarara. Katika mazingira hayo neno "tumaini" lina matumizi mawili yanayogongana. Kuna tumaini la Maandiko, na kuna tumaini la kupelekwa nchi ya tatu, ambalo huweza kumfanya mtu asipande mti wala asikubali cheo kwa sababu huenda ataondoka.

Lugha ndiyo inayoamua nani apate wajibu huo. Mafunzo ya ukasisi nchini Uganda, pamoja na yale ya Mukono katika Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, hutolewa kwa Kiingereza. Katekista aliyesoma kwa Kifaransa na kuhudumu kwa Kiswahili miaka ishirini huingia Nakivale akiwa msaidizi, na kama hakuna anayebadili utaratibu, hubaki mkalimani wa kijana aliyemzidi vyeti. Huo ni upotevu wa watumishi ambao dayosisi yoyote vijijini ingeshindwa kuumudu.

Sera na mahali Kiswahili kilipo

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, kitumike kwa namna Bunge litakavyoelekeza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, mwezi uleule ambapo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mjadala uliofuata ulihusu uhaba wa walimu na vitabu. Haukugusa ukweli kwamba saa mbili tu kutoka Mbarara wapo maelfu ya watu wanaokisema kila siku, baadhi yao wakiwa walimu waliofundisha Bukavu na Uvira, na ambao Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi.

Kwa upande wa kanisa hatua ya kwanza ni ndogo na haihitaji bajeti ya serikali: kitabu cha sala cha Kiswahili kilichoidhinishwa na Kanisa la Uganda lenyewe, kilichohaririwa na wasomaji wa Kongo na wa Afrika Mashariki wakiwa meza moja, ili "mutoto" wa Kivu asomewe ubatizo wake kwa maneno ambayo wazazi wake wanaweza kuyaitikia. Tume ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ina wataalamu wa istilahi. Zanzibar ndiko alikosoma Dallington Maftaa.