Duara na Sebule: Tiba ya Sanaa na Ung'amuzi Bwete katika Hospitali ya Engenho de Dentro, Rio de Janeiro, 1946–1957

Historia ya tiba ya sanaa imezoeleka kusimuliwa kana kwamba nadharia ilitangulia na picha zikafuata kama ushahidi wake. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Engenho de Dentro mambo yalikwenda kinyume. Daktari Nise da Silveira, aliyewahi kufungwa kwa sababu za kisiasa katika miaka ya 1930, alirejea kazini mwaka 1944 na kukataa kuwatibu wagonjwa kwa mshtuko wa umeme. Akapelekwa kitengo cha kazi za mikono, ambacho wakati huo hakikuwa na hadhi yoyote ya kitabibu. Humo, mwaka 1946, akisaidiwa na mchoraji Almir Mavignier, alifungua karakana ya uchoraji. Wagonjwa walipewa rangi bila kupangiwa cha kuchora, na kazi za kila mmoja zikahifadhiwa kwa mfululizo. Kwa maoni ya mtafiti, uhifadhi huo ndio uliokuwa uamuzi mzito zaidi, kwa kuwa picha moja pekee huruhusu karibu tafsiri yoyote. Kutokana nao kulizaliwa, mwaka 1952, Makumbusho ya Picha za Ung'amuzi Bwete.

Mwaka 1954 Silveira alimwandikia Carl Jung kuhusu maumbo ya duara yaliyojirudia katika kazi hizo. Jung aliyatambua kuwa mandala, yaani kikale cha nafsi inayojaribu kujipanga upya. Mwaka 1957 kazi za karakana zikaoneshwa Zurich. Tangu hapo duara limetawala maelezo mengi. (Haishangazi: kulifasiri duara hakumlazimu mtu kujua mgonjwa alikuwa nani.)

Fernando Diniz anautatiza usomaji huo. Alikuwa Mweusi, mwana wa mshonaji, na utotoni alifuatana na mama yake katika nyumba za matajiri alikoshona. Kwa maelezo ya Silveira, mwanzoni vitu vya nyumbani vilisongamana katika picha zake bila mpangilio. Kisha akavichora kimojakimoja. Hatimaye vikakaa pamoja ndani ya sebule yenye sakafu na kuta. Silveira aliona hapo mgonjwa akijijengea upya nafasi ya kila siku. Hilo halipingwi hapa. Hata hivyo, sebule hiyo ilikuwa ya watu wengine. Ung'amuzi bwete unaojitokeza humo umebeba tofauti za tabaka na rangi za Brazili, ambazo dhana ya kikale peke yake haizifikii. Kwa hiyo uchambuzi unaofuata unaanzia kwenye kazi ya mama yake, kabla ya kuijadili mandala.