Mtoto na Daktari wa Meno

Watu wengi hudhani ya kuwa mtoto huzaliwa na hofu ya daktari wa meno. Sivyo. Hofu hiyo ni urithi. Mtoto huipokea kwa wakubwa wake, nao waliipokea kwa wazee wao, tangu zamani ambapo kutibiwa jino kulikuwa ni kuumizwa. Sababu kubwa ya hofu hiyo imekwisha ondoka, lakini hofu yenyewe imebaki.

Hapo kale katika nchi yetu, Wamaasai na Wakalenjin wa Bonde la Ufa waling'oa meno mawili ya mbele ya chini, na Wajaluo waling'oa sita. Sababu iliyotajwa mara nyingi ni ugonjwa wa pepopunda: mgonjwa aliyebanwa taya aliweza kunyweshwa kwa kupitia pengo. Kazi hiyo ilifanywa bila ganzi, na aliyestahimili alisifiwa. Ulaya nako hakukuwa na nafuu. Vinyozi waling'oa meno sokoni mbele ya watazamaji, na mgonjwa hakuwa na kinga ila kujikaza.

Mabadiliko makubwa yalitokea Marekani. Tarehe 11 Desemba 1844, mjini Hartford, daktari wa meno Horace Wells alivuta gesi iitwayo naitrasi oksaidi, kisha mwenzake akamng'oa jino, naye asisikie uchungu. Yafaa tukumbuke ya kuwa aliyeketi kitini siku ile kuijaribu dawa alikuwa daktari mwenyewe. Mwaka 1846 William Morton alionyesha nguvu ya etha mjini Boston mbele ya madaktari. Mwaka 1905 Alfred Einhorn wa Ujerumani alileta prokaini, na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Uswidi alitengeneza lidokaini, ambayo mpaka leo hutumika kuutia ganzi ufizi.

Walakini, katika Free Area, mtaa ulio mashariki ya Nakuru kwenye barabara ya Nairobi, na katika sehemu nyingine nyingi za Bonde la Ufa, mtoto ana mzigo wa pili, nao ni aibu. Miamba ya volkano hutia floraidi katika maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya nchi hii hupita kikomo hicho. Mtoto anywapo maji hayo wakati meno yake yangali yakijengwa ndani ya ufizi, huota yakiwa na madoa ya kahawia. Wasiojua humcheka na kudhani hapigi mswaki.

Madoa kama hayo daktari Frederick McKay aliyakuta Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901. Ilichukua miaka 30 kupata chanzo chake: mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill aligundua ya kuwa ni floraidi iliyomo majini. Hapa Nakuru, Jimbo Katoliki lilianza mwaka 1998 kazi ya kusafisha maji kwa kuyapitisha katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Basi doa lile ni alama ya mwamba, wala si alama ya uchafu. Lakini mtoto aogopaye kulaumiwa hufumba kinywa, na kinywa kilichofumbwa hakitibiki. Tundu dogo hukua hata likafika kwenye mshipa wa jino. Ndipo mtoto hupelekwa kwa daktari mara ya kwanza usiku wa maumivu, akaona kitini yale yale aliyohadithiwa.

Mwaka 1959 Addelston, Mmarekani, alieleza njia nyepesi ya kuivunja hofu hiyo: mwambie mtoto litakalofanywa, mwonyeshe chombo, kisha tenda kama ulivyosema. Madaktari wa meno wa watoto hufundishwa njia hiyo. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974.

Lakini daktari humpata mtoto kwa nusu saa tu. Saa nyingine zote mtoto yu pamoja nasi. Nanyi wanafunzi, mara nyingi ndinyi mnaowashika mkono wadogo zenu kuwapeleka hospitalini. Msiwaambie, "Ukilia utang'olewa meno." Msiwadanganye kuwa hawatasikia kitu, kwani sindano huchoma kidogo, na mtoto aliyedanganywa mara moja hamwamini mtu mara ya pili. Waambieni kweli kwa maneno machache. Tena wapelekwe mapema, tangu mwaka wa kwanza wa maisha yao, wakati hawajaumwa, ili wakizoee kiti kabla ya kukihitaji.

Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Maumivu yalishindwa na wataalamu kwa dawa zao. Hofu haina sindano. Itashindwa nyumbani, kwa ulimi wa mkubwa usemao kweli kwa upole.