Korija: ishirini ya wauza miti

Mfanyabiashara wa miti ya mikoko Lamu haulizi unataka miti mingapi. Anauliza korija ngapi. Korija moja ni vipande ishirini, viwe pau, mazio, boriti au nguzo. Bei hutofautiana kwa unene wa mti, lakini hesabu haibadiliki.

Neno lina asili ya India, ambako Wahindi wanasema *kori* kwa maana ya ishirini, na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walilitumia hata kwa vitambaa. Kwa majahazi yaliyopakia boriti za Lamu na Rufiji kwenda Uarabuni, hesabu hiyo ilikuwa rahisi: korija tano ni mia kamili, na nusu korija ni kumi. Anayehesabu gogo moja moja ufukweni, jua likiwaka, atachoka na pengine atakosea.

Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe hakihesabu kwa ishirini. Baada ya ishirini tunakwenda thelathini, arobaini, hamsini, yaani kumi juu ya kumi. Korija basi imebaki kwenye mali tu, kama dazeni inavyobaki kwenye vikombe na sahani. Hakuna anayesema ana umri wa korija mbili (ingawa ningependa kumsikia).

Kwa hiyo ukiambiwa bei ya boriti, uliza kwanza: ni ya mti mmoja au ya korija? Tofauti ni mara ishirini.