Ngoma Mikononi mwa Wanawake

Mariam Hamdani alipoanzisha Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake watupu, Zanzibar mwaka 2009, wengi waliona jambo jipya. Kwa hakika upya ulikuwa katika ala za fidla na kanuni, si katika wanawake kujipigia wenyewe. Huko bara, ukivuka bwawa la Mtera kutoka Iringa unaingia Ugogoni, ambako wanawake wamerithishana muheme: mpigaji huibana ngoma mapajani, viganja vikapishana juu ya ngozi, wenzake wakiitikia. Na huko Rungwe, Mbeya, mwanaanthropolojia Monica Wilson alishuhudia miaka ya 1930 wanawake wa Kinyakyusa wakimwimbia na kumchezea mwali. Maelezo yake yakachapishwa mwaka 1957.

Atakayesema hiyo ni mila tu, si muziki, akumbuke kwamba nyimbo kongwe za watawa wa Ulaya nazo zilikuwa ibada, na leo zinaheshimiwa kama sanaa. Pingamizi zito zaidi ni kukosekana kwa noti. Lakini mwali wa jana ndiye mfundishaji wa kesho; kumbukumbu yake ndiyo daftari. Vyuo vya Mbeya na Iringa viwarekodi bibi hawa sasa, kwa ridhaa yao, na warekodi wawe wanawake.